Huduma ya Kwanza Vitani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaojiandaa kwa Mafunzo ya Kijeshi

Maelezo haya yameandikwa kwa ajili ya vijana wanaozungumza Kiswahili wanaojiandaa kuingia katika mafunzo ya kijeshi, hasa walioko Marekani, ambako Wakenya na wenzao wengi wa Afrika Mashariki hujiunga na jeshi, na pia kwa ajili ya wazazi wanaotaka kujua mtoto wao anafundishwa nini. Mfano mkuu ni mwongozo wa kumhudumia majeruhi wa vitani unaojulikana kwa herufi TCCC, kifupi cha jina lake la Kiingereza, Tactical Combat Casualty Care. Mwongozo huo ulianzia katika vikosi maalumu vya Marekani na sasa unafuatwa na majeshi ya nchi nyingi. Kusoma maelezo haya hakuchukui nafasi ya kufundishwa na mkufunzi.

Huduma ya kwanza ya vitani inatofautianaje na ile tuliyofundishwa shuleni au na Msalaba Mwekundu?

Katika ajali ya kawaida, anayetoa msaada ana tatizo moja mbele yake, nalo ni majeruhi. Vitani yako matatu kwa wakati mmoja: majeruhi aliyelala chini, adui anayeendelea kufyatua risasi, na kazi ambayo kikosi kilitumwa kuifanya. Kwa sababu hiyo, tendo ambalo hospitalini lingehesabiwa kuwa tiba sahihi linaweza kusababisha vifo viwili pale ambapo kingetokea kimoja, ikiwa litafanywa mahali pa wazi risasi zikiwa bado zinapita.

Mfano mzuri ni kumbonyeza kifua mtu ambaye moyo wake umesimama. Mtaani tunahimizwa kufanya hivyo bila kusita. Katika uwanja wa mapambano, askari hufundishwa kwamba mtu aliyepigwa risasi au kulipuliwa, asiye na mapigo wala pumzi wala dalili nyingine ya uhai, habonyezwi kifua, kwa kuwa moyo wake umesimama kwa kuishiwa damu au kwa jeraha ambalo kubonyeza hakuwezi kulirekebisha, na wakati huohuo wapo wengine ambao wangeokolewa. Kuruta wengi hupata shida kulikubali jambo hili, na ni haki yao kuona ugumu. Hata hivyo, ni afadhali wakumbane nalo darasani kuliko kulisikia kwa mara ya kwanza wakiwa kwenye doria.

Kwa nini kila askari afundishwe? Je, si kazi ya matabibu wa kikosi?

Tabibu mmoja huhudumia platuni nzima, yaani makumi ya askari, na mara nyingi hayupo karibu na alipoangukia majeruhi, au yeye mwenyewe ndiye aliyejeruhiwa. Mshipa mkubwa wa damu wa paja ukikatika, mtu anaweza kufa ndani ya dakika chache, pengine tatu tu. Muda huo hautoshi kumsubiri mtu aliye upande wa pili wa barabara.

Takwimu zinaunga mkono hoja hiyo. Uchunguzi wa vifo 4,596 vya wanajeshi wa Marekani vilivyotokana na mapigano kati ya mwaka 2001 na 2011, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba takriban asilimia 87 walikufa kabla ya kufika kwenye kituo cha matibabu. Kati ya hao waliofia njiani au palepale, karibu robo walikuwa na majeraha ambayo kitaalamu yangeweza kutibika, na katika robo hiyo, tisa kati ya kila kumi walikufa kwa kuvuja damu. Daktari bingwa aliyeko hospitalini hawezi kumsaidia mtu asiyemfikia. Anayeweza kumsaidia ni yule aliyelala kando yake kwenye mtaro.

Upande wa pili wa ushahidi ni Kikosi cha 75 cha Ranger, kikosi maalumu cha jeshi la nchi kavu la Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uongozi wa kikosi hicho uliamua kwamba huduma ya kwanza iwe moja ya stadi nne za msingi za kila askari, sambamba na kulenga shabaha, mazoezi ya mwili na mbinu za vikundi vidogo. Ripoti iliyotolewa mwaka 2011 kuhusu majeruhi 419 wa kikosi hicho katika vita vya Afghanistan na Iraki ilieleza kwamba hakuna aliyekufa kabla ya kufika hospitalini kwa sababu ambayo ingeweza kuzuilika, na kwamba sehemu kubwa ya mikanda ya kuzuia damu ilifungwa na askari wa kawaida. Kwangu mimi, hii ndiyo hoja yenye uzito kuliko zote katika somo hili.

Mwongozo huu ulitoka wapi?

Ulitokana na vifo ambavyo havikupaswa kutokea. Baada ya vita vya Vietnam, ilibainika kwamba zaidi ya wanajeshi 2,500 wa Marekani walikufa kwa kuvuja damu kutoka kwenye mikono na miguu pekee, bila jeraha jingine kubwa. Hata hivyo, kwa miaka mingi iliyofuata askari waliendelea kufundishwa kanuni zilizotungwa kwa ajili ya ajali za barabarani za mijini. Mnamo mwaka 1996, Frank Butler, daktari aliyewahi kuwa komando wa majini, alichapisha pamoja na wenzake mapendekezo ya kubadilisha mafunzo hayo kuanzia kwenye msingi, na mwaka 2001 ikaundwa kamati ya kudumu ya kuyasahihisha kadiri ushahidi mpya unavyopatikana.

Sehemu ya somo hilo ilipatikana karibu na kwetu. Katika mapigano ya Mogadishu ya tarehe 3 na 4 Oktoba 1993, yaliyogharimu maisha ya Wasomali wengi sana na ya wanajeshi 18 wa Marekani, koplo mmoja kijana alipigwa risasi juu kabisa ya paja, mahali ambapo mkanda wa kubana haufungiki. Wenzake walipambana kwa saa kadhaa kuuzuia mshipa uliokatika, magari ya kumwondoa yakashindwa kufika, naye akafariki. Jeraha la aina hiyo limechangia sana kubuniwa kwa shashi zenye dawa ya kugandisha damu, ambazo leo askari huzibeba mfukoni.

Hatua za kumhudumia majeruhi ni zipi?

Ziko tatu, na hutegemea hatari iliyopo kwa wakati huo kuliko aina ya jeraha. Ya kwanza ni wakati risasi bado zinapigwa. Hapo askari hujibu mashambulizi, humwamuru majeruhi ajikokote hadi kwenye kinga na ajihudumie mwenyewe kama anaweza, na tiba pekee inayoruhusiwa ni kufunga mkanda kwenye mkono au mguu unaovuja damu kwa hatari. Ya pili huanza wote wanapokuwa kwenye kinga, na hapo ndipo mwili hukaguliwa kwa utaratibu. Ya tatu ni wakati wa kusafirishwa kwa gari au helikopta.

Kwa nini damu itangulie pumzi? Tulifundishwa kuanza na njia ya hewa.

Ulifundishwa sawasawa kwa mazingira ya kiraia ya wakati ule. Vitani, kinachoua haraka zaidi na kinachozuilika kwa urahisi zaidi ni damu. Kwa hiyo kuruta hukariri herufi MARCH, zinazotokana na maneno ya Kiingereza: kwanza kuvuja damu kwa wingi, kisha njia ya hewa, kisha upumuaji na majeraha ya kifua, kisha mzunguko wa damu, na mwisho baridi ya mwili pamoja na majeraha ya kichwa. Utaratibu huu hauvurugwi na sura ya jeraha. Uso uliochanika huogofya na kuvuta macho yote, ilhali anayekufa ni mtu aliyekaa kimya huku damu ikilowesha suruali nyeusi isiyoonyesha chochote. Ndiyo maana mkufunzi humlazimisha kuruta kupitisha viganja shingoni, kwapani, kwenye kinena na nyuma ya mapaja, na kuvitazama kila mara kuona kama vina damu.

Mkanda wa kuzuia damu, yaani turniketi, hufungwaje?

Turniketi inayotumika zaidi jeshini ni utepe mpana wenye kijiti kigumu cha kuzungusha na kishikizo cha kukifungia kijiti hicho. Risasi zikiwa zinapigwa, hakuna muda wa kutafuta jeraha liko wapi hasa, kwa hiyo utepe hupitishwa juu ya nguo, juu kabisa ya mkono au mguu, karibu na kwapa au kinena, ukavutwa hadi usiruhusu ncha za vidole kupenya chini yake. Kuvuta huko ndiko kunakosahaulika. Kuruta wengi huuacha utepe ukiwa umelegea, kisha hutegemea kijiti kifanye kazi yote, na hujikuta wakikizungusha mara nyingi bila damu kusimama. Utepe ukivutwa ipasavyo tangu mwanzo, mizunguko michache hutosha.

Wakishafika kwenye kinga, nguo hukatwa, jeraha huonekana, na inapohitajika turniketi nyingine hufungwa moja kwa moja juu ya ngozi, sentimita 5 hadi 8 juu ya jeraha kuelekea moyoni, wala haifungwi juu ya goti au kiwiko. Kijiti huzungushwa mpaka damu isimame na mapigo yaliyo chini ya mkanda yapotee. Damu ikiendelea kutoka, turniketi ya pili hufungwa ubavuni mwa ya kwanza. Kisha saa ya kufunga huandikwa kwenye kibandiko cha mkanda wenyewe.

Majeruhi atapiga kelele, na atakusihi ulegeze. Maumivu makali ni dalili ya kawaida ya turniketi iliyofungwa vizuri, na kulegeza kwa huruma ni kumrudishia hatari uliyomwondolea. Mkufunzi mzuri atakufanya ulifunge paja la mwenzako mpaka wewe mwenyewe upoteze woga wa kumwumiza, kisha atakuamuru ujifunge kwa mkono mmoja gizani.

Nilisemee pia jambo la ununuzi. Mtandaoni huuzwa turniketi za bei rahisi zinazoigiza zile halisi, na vijiti vyake hupinda au kuvunjika vikikazwa. Usiingie nazo popote.

Je, ni kweli kwamba aliyefungwa turniketi lazima akatwe mguu?

Hapana. Dhana hii imewaua watu wengi, kwa kuwa iliwafanya hata wakufunzi wa zamani waiite turniketi njia ya mwisho kabisa. Utafiti uliofanywa katika hospitali ya kijeshi mjini Baghdad mwaka 2006 uliwafuatilia majeruhi 232 waliofungwa turniketi, na haukupata hata mmoja aliyepoteza kiungo kwa sababu ya mkanda wenyewe. Ufuatiliaji huohuo ulionyesha jambo zito zaidi: waliofungwa kabla ya kuingia katika mshtuko wa kupungukiwa damu walipona kwa takriban asilimia 90, ilhali waliofungwa baada ya mshtuko kuanza walipona asilimia 10 tu.

Muda una umuhimu wake. Wahudumu hujitahidi kubadilisha turniketi kwa bandeji ya kukandamiza ndani ya saa 2 ikiwa hali inaruhusu, na iliyokaa zaidi ya saa 6 haifunguliwi uwanjani. Uamuzi huo ni wa mwenye ujuzi. Kazi ya askari wa kawaida ni kufunga, kuandika saa, na kutoilegeza.

Jeraha likiwa kwenye kinena, kwapa au shingo inakuwaje?

Mkanda haufungiki hapo. Askari husukuma shashi yenye dawa ndani kabisa ya jeraha, kwa kidole, akifuata mahali damu inakotokea, mpaka tundu lijae na shashi itokeze juu ya ngozi, kisha hukandamiza kwa uzito wa mwili wake kwa dakika 3 zisizokatizwa. Kuinua mkono ili kuchungulia kama damu imesimama huvunja tonge la damu lililoanza kuganda, na kazi huanza upya. Majeraha ya ndani ya kifua na tumbo hayawezi kuzibwa kwa namna hii. Kwa hao, dawa ni kumfikisha kwa mpasuaji haraka, na ndio wengi wa wale ambao bado tunawapoteza.

Na jeraha la kifua?

Tundu la kifua linalovuta hewa hufunikwa kwa kibandiko maalumu, kikiwezekana chenye vali ya kutoa hewa, na mgongo hukaguliwa pia kwa sababu risasi inaweza kuwa imetokea upande wa pili. Upumuaji ukizidi kuwa mgumu baada ya hapo, kibandiko huinuliwa kidogo ili hewa iliyonaswa itoke. Kuchoma sindano kifuani kutoa hewa inayobana pafu ni kazi ya aliyefikia ngazi ya mafunzo iliyo juu kuliko ya kuruta, na kuruta asijaribu kwa kuwa tu amewahi kuiona kwenye video.

Mafunzo huchukua muda gani?

Tangu agizo la Wizara ya Ulinzi ya Marekani la mwaka 2018, kuna ngazi nne: ya kila mwanajeshi, ya mwokoaji wa kikosi, ya tabibu wa kivita, na ya mhudumu wa hali ya juu. Ngazi ya kwanza hutolewa mapema, ndani ya mafunzo ya awali, ambayo katika jeshi la nchi kavu huchukua wiki 10. Kozi ya mwokoaji wa kikosi katika jeshi la nchi kavu huchukua takriban saa 40. Anayetaka kuwa tabibu hupelekwa Fort Sam Houston, San Antonio, kwa takriban wiki 16, na hutoka pia na cheti cha kiraia cha huduma za dharura, jambo ambalo vijana wetu wanaowazia uuguzi au udaktari baadaye wanapaswa kulitilia maanani wanapochagua kazi ya jeshini.

Mazoezi ya vitendo yakoje? Naogopa damu.

Darasa hufuatwa na njia ya majaribio, yenye moshi, milio ya risasi baridi, wakufunzi wanaofoka, na majeruhi wa kuigiza aliyepakwa damu bandia inayopigwa pampu kutoka kwenye jeraha la mpira. Makusudio yake ni kuizoesha mikono kufanya kazi wakati akili imevurugika. Vidole vilivyolowa huteleza kwenye kijiti, kibandiko hakishiki kwenye ngozi yenye jasho, na mkasi haupatikani mfukoni mahali ulipodhani umeuweka. Mambo hayo hayaonekani kabisa kwenye picha za kitabuni.

Kuogopa damu si sababu ya kufukuzwa. Walio wengi hutetemeka mara ya kwanza, na utaratibu wa kukariri husaidia kwa kuwa humpa mtu jambo moja la kufanya badala ya mambo kumi ya kuwaza. Mwambie mkufunzi mapema. Anayenyamaza huzimia katikati ya zoezi na kuwakosesha wenzake.

Nikimhudumia mwenzangu, nitumie vifaa vyangu?

Tumia vyake. Kila askari hubeba mfuko wake wa huduma ya kwanza mahali panapofahamika na kikosi kizima, na panapofikiwa kwa mikono yote miwili. Ukimaliza vyako kwa mwingine, hutakuwa na kitu zamu yako ikifika.

Kwa nini majeruhi afunikwe blanketi hata jangwani?

Aliyepoteza damu hupoteza joto hata jua likiwa kali, na mwili uliopoa haugandishi damu vizuri, kwa hiyo huvuja zaidi na kupoa zaidi. Mtoe kwenye ardhi, mvue nguo zilizolowa, mfunike. Ni jambo dogo, na ndilo linalosahaulika mara nyingi, hasa na sisi tuliokulia kwenye joto.

Akiomba maji, nimpe?

Kwetu wengi tumelelewa na katazo kwamba majeruhi asipewe maji kabisa. Mwongozo wa sasa huruhusu anywe, mradi ana fahamu kamili, anaweza kumeza, na hana dalili za mshtuko kama vile kuchanganyikiwa au mapigo dhaifu ya kifundo cha mkono.

Naweza kumeza aspirini kabla ya doria?

Hapana. Aspirini na ibuprofeni hupunguza uwezo wa damu kuganda, na askari huelekezwa kuziepuka wanapokuwa kwenye eneo la mapigano. Muulize tabibu wa kikosi kuhusu dawa mbadala ya maumivu.

Je, tunapaswa kumtibu adui aliyejeruhiwa?

Ndiyo. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1949 unaagiza kwamba majeruhi wote watunzwe bila ubaguzi, na kwamba sababu pekee ya kumtanguliza mmoja ni uharaka wa hali yake kiafya. Adui hunyang'anywa silaha kwanza na kupekuliwa, kisha anapita katika utaratibu uleule. Baadhi ya vijana huuliza swali hili kwa hasira, hasa waliokimbia vita. Jibu la sheria halibadiliki, nalo ndilo linalokulinda wewe siku utakapolala upande wa pili.

Je, haya yanawahusu askari wa Afrika Mashariki?

Yanawahusu moja kwa moja. Wanajeshi wa Uganda na Burundi walipelekwa Somalia mwaka 2007 katika kikosi cha Umoja wa Afrika, na Wakenya walijiunga na kikosi hicho mwaka 2012. Mnamo Desemba 2017, kambi ya walinda amani wa Tanzania ilishambuliwa Semuliki, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na wasiopungua 14 wakauawa huku makumi wengine wakijeruhiwa. Umoja wa Mataifa una kozi yake ya huduma ya kwanza ya askari kwa askari, na kipimo chake ni 10-1-2: huduma ya kuokoa maisha ndani ya dakika 10, matibabu ya kitaalamu ya kumwimarisha majeruhi ndani ya saa 1, na upasuaji ndani ya saa 2. Kwenye misitu ya Beni, katika eneo hilohilo la Kongo, ambako helikopta haitui popote inapotaka, zile dakika 10 za kwanza ziko mikononi mwa mwenzako wa zamu. Anayepangiwa kwenda huko na asikabidhiwe turniketi wala kufundishwa kuifunga ana haki ya kuviuliza vyote viwili kabla ya kuondoka.

Mwanangu akimaliza huduma yake, ujuzi huu utamfaa uraiani?

Utamfaa kila anapopanda gari au bodaboda. Kutokana na yaliyojifunzwa vitani, Marekani ilianzisha mwaka 2015 kampeni ya kuwafundisha raia kuzuia damu, na mafunzo yake hukamilika kwa muda mfupi tu. Ajali za barabara zetu huvunja miguu na kukata mishipa ileile. Uraiani, hata hivyo, utaratibu wa kwanza ni kupiga simu ya dharura na kuhakikisha magari yamesimama, na kanuni ya kutombonyeza kifua mtu asiye na mapigo haihamishwi kutoka vitani kuletwa barabarani, kwa kuwa mzee aliyeanguka sokoni kwa ugonjwa wa moyo anahitaji kubonyezwa kifua mara moja. Akirudi nyumbani, mwombe awafundishe ndugu zake kukandamiza jeraha kwa uzito wa mwili, kwa kuwa hilo halihitaji kifaa chochote.